Kitunguu Kitamu kwa Ajili ya Kachumbari: Mwongozo wa Kununua kwa Wakaao Marekani

Mpenzi wa kachumbari anayeishi Marekani hukuta kwenye rafu za supamaketi vitunguu vya manjano vya namna mbili au tatu, vinavyofanana kwa macho, ilhali bei ya baadhi yake iko juu kwa sababu tu vimeandikwa kuwa ni vitamu. Mwongozo huu unavipanga vitunguu hivyo kwa kigezo kimoja, nacho ni namna vinavyoonja vikiliwa vibichi. Kwa matumizi ya sufuriani mpangilio ungekuwa kinyume kabisa, na sababu yake itaonekana mbele.

Utamu unaouzwa chini ya jina hilo hautokani na wingi wa sukari. Vikipimwa, vitunguu vikali vinavyohifadhiwa ghalani kwa miezi mingi mara nyingi huwa na sukari sawa na vile vinavyoitwa vitamu, na pengine huvizidi. Kinachovitofautisha ni ukali, kwa maana ukali ukipungua, ulimi huihisi sukari ambayo ilikuwamo siku zote. Ukali wenyewe haupo ndani ya kitunguu kizima, bali huzaliwa kisu kinapopita: seli zikipasuka, kimeng'enya kiitwacho aliinase hukutana na viambato vyenye salfa vilivyokuwa vimetengwa nacho, na katika mmenyuko huo hutokea misombo inayowasha ulimi. Gesi inayotoa machozi huhitaji kimeng'enya cha pili, ambacho kiligunduliwa na watafiti wa Japani na kutangazwa mwaka 2002.

Katika mmenyuko huohuo hutokea pia asidi ya piruviki, na kwa kuwa kiasi chake huenda sambamba na ukali, maabara hupima asidi hiyo badala ya kutegemea ndimi za watu. Njia hiyo ilielezwa na Schwimmer na Weston mwaka 1961, na hadi leo ndiyo msingi wa upimaji. Kwa kawaida kitunguu chenye chini ya mikromoli 5 (mikromoli ni kizio cha kupimia kiasi kidogo sana cha kemikali) za asidi hiyo kwa kila gramu huhesabiwa kuwa kitamu, wakati vitunguu vya ghalani mara nyingi hufika 8 au kuzidi. Hata hivyo kipimo hicho ni cha sampuli. Vitunguu vya shamba moja hutofautiana, kwani salfa ya udongo haisambai sawasawa, na mbegu ileile ikipandwa katika udongo wenye salfa nyingi hutoa kitunguu chenye kuwasha. Ndiyo maana katika biashara hii jina la mahali lina uzito kuliko jina la mbegu.

Neno "kitamu" likisimama peke yake kwenye wavu au stika halina kiwango cha ukali kilichowekwa na sheria ya shirikisho. Mnunuzi asiyeona jina la mahali hana budi kujipimia mwenyewe, na upimaji huo si mgumu endapo utafanywa kwa utaratibu. Nunua kitunguu kimoja kimoja kutoka kila fungu kabla ya kununua wavu mzima. Viache vyote mezani mpaka viwe na joto la chumba, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya na kitunguu kilichotoka kwenye friji kitakudanganya kwamba ni laini. Kikate kila kimoja kwa upana katikati, kisha chukua kipande kinachoanzia ganda la nje hadi moyoni. Usionje kipande cha upande wa mizizi pekee, maana huko ndiko ukali hujikusanya, na kuonja huko ni kukihukumu kitunguu kizima kwa sehemu yake mbaya kuliko zote. Tafuna polepole bila kumeza haraka, kisha ungoje.

Kungoja ndiko wengi hukosea. Ladha ya kwanza ya karibu kila kitunguu kibichi ni maji na utamu kidogo, na mwasho hufuata baadaye, hasa pembeni mwa ulimi na kooni. Kitunguu kitamu cha kweli hukaa mdomoni kwa nusu dakika bila kukulazimisha kukitema, na hubaki na harufu ya kitunguu bila kuchoma. Kile kinachoanza vizuri na kisha kuuma si kibovu, ila hakistahili bei ya ziada. Kati ya kitunguu kimoja na kingine kula kipande cha mkate mkavu na unywe maji, na usionje zaidi ya vinne kwa mkupuo, kwa kuwa mwasho hulimbikizana na cha mwisho kitaonekana kikali hata kama sicho.

Nafasi ya kwanza naipa Vidalia, ingawa si kitunguu chenye ladha nzuri kuliko vyote. Sababu yangu ni kwamba jina lake linalindwa kuliko majina mengine na hupatikana karibu kila jimbo. Historia yake inaanzia wilaya ya Toombs, kusini mashariki mwa Georgia, ambako mwaka 1931 mkulima Mose Coleman alikuta kwamba vitunguu alivyopanda haviwashi. Udongo wa kule ni wa kichanga na una salfa kidogo, kwa vile mvua huisafirisha chini upesi. Jina lilipopata soko, vitunguu vya kwingine vilianza kupakiwa chini yake, na mwaka 1986 jimbo la Georgia likatunga sheria inayoruhusu jina la Vidalia kutumika kwa vitunguu vya wilaya 20 tu, baadhi zikiwa nzima na nyingine kwa sehemu. Kila mwaka idara ya kilimo ya jimbo hutangaza tarehe ambayo kabla yake hakuna ruhusa ya kuvipakia na kuvisafirisha, kwa kawaida ndani ya mwezi wa Aprili. Kwa hiyo ukikuta Vidalia "mpya" mwezi Januari, soma stika mara ya pili. Umbo lake ni bapa kidogo, ganda ni jembamba na la manjano hafifu. Mwezi Mei ndio wakati wake mzuri. Vinavyouzwa Agosti huwa vimetunzwa kwenye maghala ambayo hewa yake imedhibitiwa, na kwa ulimi wangu huwa vimepoteza sehemu ya ule ukavu wa kuvunjika vizuri mdomoni.

Ya pili ni Walla Walla, na mkazi wa jimbo la Washington au Oregon anaweza kuipandisha hadi ya kwanza bila ugomvi wowote kutoka kwangu. Mbegu yake ililetwa kutoka kisiwa cha Corsica na mwanajeshi Mfaransa, Peter Pieri, mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakulima wahamiaji wa Kiitaliano wa bonde la Walla Walla wakaiboresha kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi. Ni kitunguu kikubwa, cha mviringo, chenye maji mengi, na katika kachumbari hutoa mlio wa kuvunjika ambao Vidalia mara nyingi haina. Kasoro yake ni kwamba msimu wake ni mfupi, tangu katikati ya Juni hadi Agosti, na hakivumilii safari wala ghala. Kikifika pwani ya mashariki baada ya wiki kadhaa njiani, shingo yake huwa imeanza kulainika.

Ya tatu ni Texas 1015, iliyopewa jina kutokana na tarehe iliyopendekezwa kuipanda, yaani tarehe 15 ya mwezi wa 10. Ilizalishwa na Leonard Pike wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, na hutangulia sokoni majira ya kuchipua, kabla ya Vidalia. Kwa anayekata vitunguu vya shughuli ina sifa moja inayostahili kutajwa: moyo wake ni mmoja, hivyo duara zake hutoka nzima na kisu hakikutani na mioyo miwili au mitatu iliyosongamana. Wasomaji waliolima nyumbani watautambua ukoo wake, kwani Texas Grano, ambayo mbegu zake huuzwa Kenya na Tanzania, ni ya kundi hilohilo. Waliozoea Red Creole, kitunguu chekundu kidogo chenye kuwasha na kudumu ghalani, watakiona hiki cha Texas kuwa kimepoa mno, na kwa mbuzi wa kuchoma huenda wana haki.

Ya nne ni vitunguu vitamu vya Peru, ambavyo huingia Marekani takriban kuanzia Septemba na kujaza pengo la majira ya baridi. Vingi ni vya ukoo uleule wa Vidalia, na baadhi ya wauzaji wa Vidalia ndio wanaoviagiza, jambo linalowafanya wanunuzi wengi waamini kwamba wananunua Vidalia mwaka mzima. Ubora wake hupanda na kushuka, kwa hiyo hapa ndipo kile kipimo cha mezani kinapolipa.

Sunions naziweka nafasi ya tano. Ni vitunguu visivyotoa machozi, vilivyopatikana kwa kuchavusha na kuchagua kwa miaka mingi, bila kuhamisha jeni. Tofauti na vitunguu vingine, hivi huzidi kupoa kadiri vinavyokaa ghalani, na ndiyo maana huuzwa majira ya baridi. Mkataji mwenye macho mepesi atavishukuru. Lakini kachumbari inahitaji kitunguu kitakachojibizana na ndimu na pilipili, na hivi hunyamaza. Kwa bei yake, ambayo mara nyingi huzidi ya Vidalia, mimi singevinunua ila kwa ajili ya mtoto au mgonjwa asiyestahimili mwasho kabisa.

Nafasi ya sita ni ya kitunguu chekundu cha kawaida, na kwa mwenye kubana matumizi hii ndiyo njia ya busara. Kikate chembamba, kitie chumvi, kifikiche kwa vidole mpaka kitoe maji na kulegea, kisha kioshe kwa maji baridi na kukikamua kama ilivyofanywa siku zote majikoni mwa pwani. Maji yale yanayomwagwa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya ukali. Ndimu ikamuliwe mara baada ya hapo, kwa kuwa ukakasi wake hukizuia kimeng'enya kuendelea na kazi. Mlaji atapata rangi ambayo vitunguu vya manjano havina, na tofauti ya ladha kati yake na kitunguu kitamu itabaki ndogo. Mwisho wa orodha ni wavu wowote ulioandikwa "vitamu" bila jina la mahali. Humo unaweza kuangukia kilicho kizuri, ila bei yake imewekwa kana kwamba una uhakika.

Wakati wa kuchagua, bonyeza shingo kwa kidole gumba: iwe nyembamba, kavu na iliyofunga. Shingo laini ni dalili kwamba uozo umeanza ndani, hata kama ubavu bado ni mgumu. Usichukue chenye chipukizi wala chenye unga mweusi chini ya ganda. Ganda nene la rangi ya shaba lenye tabaka kadhaa ni alama ya kitunguu cha ghalani, hata kama kimewekwa kwenye kapu la vitamu.

Hicho cha ghalani ndicho cha kununua kwa pilau. Rangi na harufu ya pilau hutegemea kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, na kitunguu kitamu, kwa wingi wa maji yake, huchemka muda mrefu ndani ya mafuta kabla hakijaanza kugeuka, kisha kikageuka kwa ghafla na kuungua kingo. Zaidi ya hayo, moto huumaliza ukali, kwa hiyo kile ulichokilipia ziada hakina kazi tena sufuriani, ilhali sukari ya kitunguu cha kawaida hubaki na kujitokeza.

Vitunguu vitamu havikai. Kila kimoja kifungwe peke yake kwa karatasi kavu na kuwekwa chini kabisa kwenye friji, mbali na mboga zenye unyevu, wala visiwekwe pamoja na viazi. Ukiwa na Walla Walla pamoja na aina nyingine, anza kuila Walla Walla.