Mashine ya msasa ya dola 60: niliyoibadilisha mwenyewe karakanani Bukavu

Mashine yangu ya msasa wa mkanda ni ile ndogo ya kushika kwa mikono miwili, wati 1010, mkanda wa milimita 75 kwa 533, mwendo mmoja tu. Niliinunua hapa Bukavu kwa dola 60. Jina la kampuni siliweki, kwa sababu mashine za bei hii zinafanana sana ndani hata kama rangi za nje ni tofauti. Ninaipendekeza kwa fundi mdogo, lakini sipendekezi aitumie kama inavyotoka kwenye katoni. Mota ni nzima. Bamba, skurubu ya kunyoosha mkanda, mfuko wa vumbi na swichi ndivyo vilivyofanywa kwa haraka ili bei ishuke, na hivyo vyote mtu mwenye bisibisi, msumeno na mabaki ya tripleksi (mbao za tabaka zilizogandishwa) anaweza kuviweka sawa.

Nafanya kazi Kadutu, hapa hapa Bukavu. Meza, vitanda, milango, mara nyingine madawati ya shule. Mbao zangu ni grevilea, mikaratusi na sipresi, na mteja akiwa na pesa, libuyu kutoka msituni.

Naanza na swichi, maana ndiyo inayoweza kuumiza mtu. Kwenye mkono wa nyuma kuna kifyatuo, na pembeni yake kitufe kidogo cha kukizuia kisirudi, ili kidole kisichoke. Huku kwetu umeme unaondoka katikati ya kazi. Fundi anaweka mashine chini, anatoka nje kuongea na mteja, na kifyatuo bado kimezuiwa. Umeme ukirudi, mashine inaamka yenyewe. Imekaa juu ya mkanda wake, kwa hiyo mkanda ukianza kuzunguka unaisukuma mbele mpaka mwisho wa meza, na chini ya meza kuna miguu ya watu. Kwenye karakana nyingi mlango uko wazi na watoto wanasimama hapo kuangalia.

Dawa yake ni kontakta, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme (koili). Nilichukua ya ampea 9 yenye koili ya volti 220, pamoja na kitufe cha kijani na chekundu, fundi wa umeme akanifungia vyote ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, na prizi ya mashine ikatoka humo. Ukibonyeza kijani, koili inavuta na kujishikilia yenyewe kupitia mguso wake wa pembeni. Umeme ukikatika, inaachia. Umeme ukirudi, hakuna kinachotembea mpaka mtu abonyeze kijani tena. Mashine hii kwa volti 220 inavuta ampea 4 na nusu hivi, kwa hiyo ampea 9 zinatosha. Jioni moja kijana ninayemfundisha kazi alipaza sauti, "Yaya, kura imerudi!", yaani kaka, umeme umerudi. Mashine ilikuwa imelala pale mezani na kifyatuo kimezuiwa, imetulia kabisa. Kama una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha hiki. Kisanduku kiwe kimefungwa vizuri, vumbi la mbao lisiingie kwenye miguso.

Kontakta ilinipa na faida nyingine. Jioni, nyumba zote zikiwasha, volti zinashuka. Mota ya aina hii yenye makaa (vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme) ikipata volti chache inazunguka polepole, feni yake inapuliza kidogo, na wewe unaikandamiza ili ifanye kazi ileile, basi inapata joto mpaka inanuka. Kontakta imetengenezwa kuvuta kuanzia asilimia 85 ya volti zake, yaani 187 kwa koili ya 220. Zikishuka chini sana inanguruma na kukataa kushika. Ikikataa, naweka mashine pembeni na kuchukua rabo, yaani randa ya mkono.

Sasa bamba. Hili ni kile kipande bapa kinachougandamiza mkanda kwenye mbao. Kwenye mashine za bei kubwa, chini yake kuna koki, juu ya koki chuma chembamba, wakati mwingine na kitambaa chenye grafiti. Kwenye yangu kulikuwa na bati tupu lililopigwa kwa presi, na nilipoweka rula ya chuma juu yake niliona mwanga katikati. Bati lililobonyea linatoa kazi iliyobonyea, hakuna ujanja mwingine. Isitoshe, chuma kikisuguana na mgongo wa mkanda bila kitu cha kuteleza kinapata moto, na moto huo unalainisha gundi ya kiungo cha mkanda.

Nilitoa bati, nikalilaza juu ya kioo kinene chenye msasa na kulisugua kwa mkono mpaka rula ikalala bila kuonyesha mwanga. Kisha nikakata koki ya milimita 2, ile wanayouza wauza vipuri vya gari kwa ajili ya gaskiti, nikaibandika kwa gundi ya viatu. Juu ya koki nikaweka bati jembamba la chuma kigumu, nikakunja ncha yake ya mbele ili mkanda usikamate ukingo. Mwisho nilisugua uso wote kwa penseli laini ya 6B mpaka ukang'aa. Grafiti ya penseli inafutika, inabidi urudie kila unapobadilisha mkanda, ni kazi ya dakika moja. Mkanda sasa unatoka vuguvugu pale ambapo zamani ulikuwa unachoma kidole. Angalia tu nafasi: koki ikiwa nene sana, bamba linasukuma mkanda chini kupita rola zote mbili na mashine inayumba.

Kuhusu mkanda kukimbilia upande mmoja, watu wengi wanazungusha skurubu tu kila dakika bila kujua kinachoendelea. Rola ya mbele haikutengenezwa sawasawa kama bomba. Katikati imetuna kidogo sana, na mkanda wenyewe hupanda kuelekea mahali palipotuna, ndiyo maana unakaa katikati. Rola ikichakaa na kuwa bapa, au gundi na vumbi la sipresi likiganda upande mmoja, mkanda unafuata upande huo. Kwa hiyo kwanza safisha rola. Kwenye yangu tatizo lilikuwa dogo zaidi: mtikisiko ulikuwa unalegeza skurubu. Nilikata washa ya mpira kutoka shambrea (mpira wa ndani) ya baiskeli, nikaiweka chini ya kichwa cha skurubu pamoja na springi fupi. Tangu hapo nikiiweka inakaa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni fremu, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Kila aliyewahi kushika mashine hii juu ya meza ya libuyu anajua uchungu wake. Uso wa bamba ni mdogo, uzito wa mota uko juu na upande mmoja. Mkono ukilegea kidogo, ukingo wa mkanda unaingia kwenye mbao na kuacha shimo la mwezi mchanga ambalo hulioni mpaka upake verni. Ukifika mwisho wa ubao, mashine inainama na kuukata ukingo. Ndiyo sababu maseremala wengi wa hapa wanaiogopa, na kazi za wageni wanamalizia kwa mkono au kwa kipande cha kioo.

Fremu inaondoa hilo. Nilichukua vipande viwili vya mkaratusi mkavu vya sentimita 45, nikavinyoosha kwa rabo mpaka vikalingana kabisa, nikaviunganisha mbele na nyuma kwa vipande vya tripleksi ya milimita 12. Mashine inakaa katikati, imefungwa kwa skurubu za mkono wa mbele na kwa kikamba chenye kifungo kama cha mkanda wa suruali nyuma. Chini ya vile vipande viwili nilibandika formika (plastiki ngumu laini ya juu ya meza) ili viteleze bila kuchora mbao. Sasa kinachotembea juu ya meza ni fremu pana, na mkanda unachungulia chini yake kidogo tu. Kiasi cha kuchungulia nakipanga kwa skurubu nne za pembeni: unene wa kadi ya kura kwa kazi ya kwanza, na nusu yake au chini ya hapo kwa kumalizia. Mkanda ukishakula kiasi hicho, fremu inabeba uzito wote na mashine haichimbi tena hata ukiisahau sekunde mbili mahali pamoja. Kwenye ukingo, fremu bado imelala juu ya sehemu kubwa ya ubao, kwa hiyo haiinami.

Jirani yangu ni mzee aliyejifunza useremala enzi za Zaire. Alikuja kusimama, akaipitisha mwenyewe juu ya mlango niliokuwa namalizia, kisha akapitisha kiganja. Akasema, "Mwanangu, uniachie iyo fremu, masini bakia nayo." Nimemtengenezea yake.

Mbao za fremu lazima ziwe kavu kwelikweli. Mkaratusi mbichi utapinda ndani ya wiki chache na fremu itakuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo. Ukikosa mkaratusi mkavu, tumia tripleksi mbili zilizobandikwa pamoja.

Kwa vipande vidogo nilitengeneza pia kitanda cha kuilaza mashine ubavu, cha tripleksi, chenye ukuta wa kuegemeza mbao kwa pembe mraba. Kinafaa kwa miguu ya viti na kona za fremu za picha. Usibane plastiki kwa nguvu na usizibe matundu ya hewa ya mota, mengine ni rahisi.

Vumbi ni jambo zito. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Na sisi tunaofanya kazi na grevilea tuna la ziada: mti huo una kemikali zinazowasha ngozi, na wapo mafundi wanaotoka vipele mikononi na shingoni kila wakiusugua. Mfuko wa kitambaa unaokuja na mashine unakamata vipande vikubwa na kuachia unga laini, ule hasa unaofika kwenye mapafu.

Tundu la vumbi la mashine yangu halina umbo la bomba lolote dukani. Nilipasha mwisho wa bomba la PVC juu ya mbabula (jiko la makaa), nje kwenye hewa, kwa mbali bila kuuacha uungue, mpaka ukalainika, nikausukumiza kwenye tundu na kuuacha upoe hapo hapo. Ukachukua umbo. Kipande cha shambrea kimefunga kiungo. Bomba linaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, na kutoka kwenye ndoo linaenda kwenye aspirateri (mashine ya kufyonza vumbi) ya zamani ya nyumbani. Vumbi kubwa linaanguka ndoani, aspirateri haizibi haraka. Ipe prizi yake nyingine, usiipitishe kwenye kontakta ile ndogo. Barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja vumbi laini, bado naivaa. Na kama unataka kusugua chuma au mbao yenye misumari, tenganisha bomba na mwaga vumbi kwanza, kwa sababu cheche ndani ya unga mkavu wa mbao zinaweza kuwaka taratibu ukiwa umeshafunga mlango na kwenda nyumbani.

Mikanda ndiyo gharama inayobaki. Angalia mshale uliochorwa ndani: mkanda wenye kiungo cha kupandishana unazunguka upande mmoja tu, ukiuweka kinyume unafumuka. Unyevu wa Bukavu wakati wa mvua unaharibu gundi, kwa hiyo usiikunje kwenye droo. Mimi naitundika juu ya bomba pana, mbali na ukuta. Utomvu wa sipresi unaziba mkanda upesi, nao husafishwa kwa soli ya kiatu ya mpira wa asili: bonyeza soli kwenye mkanda unaozunguka na uchafu unatoka. Naanza na msasa namba 80 (namba ndogo ndio mkali zaidi), kisha 120, na 180 namalizia kwa mkono kufuata nyuzi za mbao. Namba 40 kwenye mashine hii ni ya kutoa rangi ya zamani tu.

Kuna mambo ambayo sikuweza kuyabadilisha. Kelele ni kubwa, nunua vizibo vya masikio. Mwendo ni mmoja, hivyo sithubutu kuitumia kwenye tripleksi yenye ngozi nyembamba ya mbao nzuri, hata na fremu. Mkanda wa meno unaounganisha mota na rola ya nyuma ni dhaifu, na kuupata peke yake ni shida. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko cha pembeni, uone namba ya mkanda huo na uulize kama anao mwingine. Uliza pia makaa ya akiba. Akikuletea mashine ya mkanda wa milimita 75 kwa 457, ambayo mara nyingi ni rahisi kidogo, chunguza kwanza maduka ya jirani yana mikanda ya ukubwa gani. Mimi nilichagua 533 kwa sababu hiyo peke yake, na sijawahi kurudi nyumbani bila mkanda.