Emejensi walivyompokea mdogo wangu, nyota 4

Nilimpeleka usiku akilalamika tumbo tu, ana miaka 16. Nesi akaniomba nitoke kidogo akamuuliza maswali manne ya ASQ, kipimo kifupi cha kujua kama mtu anawaza kujiua, hata dakika haiishi, likiwemo kavu kavu kama amewahi kujaribu kujiua, mi nipo nyuma ya pazia roho juu nawaza si ndo anampandikizia wazo, kumbe kuuliza hakumpandikizii mtu kitu, dogo akalia akasema ndiyo. Akaongezewa la tano, kama anawaza hivyo sasa hivi. Hawakumwacha peke yake hata chooni, wakaandika naye mpango wa usalama, nami nikaambiwa dawa zote za nyumbani zifungiwe. Kesho yake wakapiga simu.

Nyota moja nakata, masaa sita tunamsubiri mshauri, na lile pazia halizuii sauti kabisa.