Mtoto mwenye kipaji: shule ya vipaji maalumu au shule ya kata?

Matokeo ya darasa la saba yanapotoka, baadhi ya wazazi hujiuliza kama mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni ya vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe au Kilakala aende, au abaki shule ya kata karibu na nyumbani.

Kwa gharama, shule ya kata ina nafuu. Ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini mtoto wa bweni bado anahitaji godoro, ndoo, tranka na nauli ya kila likizo, na safari ya Kigoma hadi Morogoro si jambo dogo kwa mkulima.

Kwa changamoto ya masomo, shule ya vipaji inashinda waziwazi. Mtoto aliyezoea kumaliza hesabu zote kabla mwalimu hajafuta ubao, kisha akakaa kimya akichora pembeni mwa daftari, hukutana huko na wenzake wanaomaliza kabla yake, na kwa mara ya kwanza hulazimika kujifunza namna ya kujifunza. Katika shule ya kata, nafasi hiyo hutegemea mwalimu mmoja mwenye moyo. Akihamishwa, msaada hukatika.

Hata hivyo, mtoto mwenye maradhi ya kudumu, au anayenyong'onyea akiwa mbali na mama, naona hunufaika zaidi nyumbani, mradi mwalimu wa hisabati akubali mapema kumpa nusu saa kila Ijumaa na maswali ya kidato cha juu.