nftables kwenye Debian: maneno mawili yaliyonikosesha usingizi

Nimehamisha seva tano kati ya sita kutoka iptables ya zamani kwenda nftables, zote zana za Linux za ukuta wa moto, zinazoamua pakiti ipi ipite na ipi izuiwe, na bado nina hasira. Hasira yenyewe ni ya maneno mawili: flush ruleset, yaani futa kanuni zote. Yamekaa juu kabisa ya /etc/nftables.conf, faili ya kanuni za nftables; Debian, Linux ninayotumia, inakukabidhi faili yakiwa tayari yameandikwa, bila neno la kukuonya.

Kuhama kulikuwa rahisi mno. Amri ya iptables-restore-translate ilinitafsiria kanuni zangu za miaka yote, nikazisafisha, nikazipakia, kila kitu kikaitika. Nikawa namsifia kila mtu nftables.

Usiku mmoja, mwisho wa mwezi, nikafungua poti moja ya ziada kwa ajili ya mashine ya ufuatiliaji. Nikahariri faili, nikapiga systemctl reload nftables ili isomwe upya. SSH, njia yangu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, haikukatika. Tovuti ikafunguka. Nikaenda kulala.

Alfajiri simu zikaanza. Wateja wanalipa, hela inakatwa, mfumo wetu hauthibitishi. Nikaona kosa ni la watu wa huduma ya malipo. Nilimpigia fundi wao nikamfokea, naye akanijibu kwa upole: "Kaka, kwetu hakuna ombi lolote lililoingia kutoka kwenu tangu usiku." Nikamwona mwongo.

tcpdump, zana ya kutazama pakiti zinazopita, ndiyo iliyoninyamazisha. Pakiti zilikuwa zinatoka nje na anwani ya 172.18.0.4, anwani ya ndani ya kontena, kisanduku ambamo Docker huendesha programu, isiyojulikana kwenye mtandao wa nje! Jibu lirudi wapi?

Tangu Debian 10, ya mwaka 2019, amri ya iptables yenyewe huandika kanuni zake ndani ya nftables. Docker huitumia amri hiyohiyo kuweka NAT yake, yaani kanuni za kubadilisha anwani za pakiti. Kwa hiyo flush ruleset haikufuta kanuni zangu tu, ilifagia na za Docker, ikiwemo masquerade, inayoipa pakiti ya kontena anwani ya seva inapotoka nje, kisha ikapakia zangu peke yake. Kontena zikaendelea kuonekana nzima. Tovuti ilifunguka kwa sababu docker-proxy, programu ndogo ya Docker, hupokea wageni hata NAT ikiwa haipo, na hilo ndilo lililonidanganya saa zote zile.

systemctl restart docker, malipo yakapita papo hapo. Yule fundi nilimpigia tena kumwomba radhi.

Mstari ule nimeuondoa. Sasa faili yangu inafuta jedwali langu tu, yaani fungu la kanuni zangu, na kuliunda upya. Hata hivyo usiseme umepona: ukizima huduma ya nftables au ukiiwasha upya, systemd, msimamizi wa huduma za seva, inapiga flush ruleset ileile, maana imeandikwa kwenye huduma yenyewe. Tumia reload, restart iache.

Nilitaka kuwaambia mbaki na iptables. Nisingekuwa nasema kweli. Maelfu ya anwani za wavamizi niliyokuwa nayaandikia mstari mmojammoja sasa yamo kwenye seti moja, kanuni moja. Jedwali la inet linabeba IPv4 na IPv6 pamoja. Na faili ikiwa na kosa, haipakiwi hata nusu, kanuni za zamani zinabaki kazini. Hilo limeniokoa mara mbili.

Na hapo ndipo hasira inaponirudia. Chombo chenye uangalifu wa namna hiyo, kwa nini kije na faili inayofuta kanuni za mwenzake bila kuuliza?

Seva ya sita, ile ya malipo ya wateja wakubwa, bado iko kwenye iptables-legacy, ile ya zamani isiyopitia nftables. Sijaigusa.