Kliniki ya ngozi KCMC: uzoefu wangu kama mgonjwa wa pemfigasi kutoka Tanga

Namwandikia mtu aliye Tanga, Muheza au Pangani ambaye vidonda vya mdomoni haviponi na kila anakokwenda anapewa dawa ya fangasi. Mimi nilianza hivyo hivyo. Zahanati moja hapa mjini walinipa dawa ya fangasi, kisha antibayotiki, kisha wakasema nimepungukiwa vitamini. Machungwa nikayaacha, pilipili nikaiacha, mwisho hata chai ikawa haipiti. Malengelenge yalipotokea kifuani na mgongoni, jirani akasema ni mkanda wa jeshi. Lakini mkanda wa jeshi kwa kawaida hukaa upande mmoja wa mwili. Yangu yalikuwa pande zote, laini, yakiguswa yanapasuka na kuacha nyama mbichi.

Daktari wa Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, ndiye aliyeniandikia rufaa ya Moshi, na Mungu ambariki kwa hilo. Pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, pana kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi tangu 1992, kwa hiyo ugonjwa adimu hauwashtui.

Daktari aliniambia, "Pole mama, itauma kidogo," akasugua kwa kidole ngozi iliyoonekana nzima kando ya lengelenge. Tabaka la juu likateleza, likabanduka palepale. Kisha nikachomwa ganzi, kikakatwa kipande kidogo cha ngozi kwenda maabara. Majibu yalipotoka niliketishwa nikaelezwa, na hapo ndipo ninapowapa alama zote. Ugonjwa wangu ni pemfigasi: kinga ya mwili wangu inashambulia protini zinazoshikanisha seli za ngozi, kama saruji inavyoshika matofali. Saruji ikiliwa, maji yanajaa katikati, lengelenge linatoka. Ugonjwa huu hauambukizi. Nililirudia hilo nyumbani mbele ya kila mtu, maana kikombe changu kilikuwa kimeshatengwa.

Kabla ya dawa walinipima sukari, presha, kifua kikuu, homa ya ini na VVU, wakanipa na dawa ya minyoo. Nikauliza minyoo inahusu nini ngozi. Kumbe kuna mnyoo wa udongoni, upo sana nchi za joto kama zetu, ambao hukaa kimya tumboni, na kinga ikishushwa kwa steroidi unaweza kusambaa mwilini na kuua. Kisha nikaanza prednisoloni, ambayo ndiyo steroidi yenyewe, kwa dozi kubwa kulingana na uzito, asubuhi baada ya kula, pamoja na azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, ili baadaye steroidi ipunguzwe polepole. Muuguzi alinisisitizia: hata ngozi ikikauka yote, prednisoloni haiachwi ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umezoea kutotengeneza homoni yake wenyewe na unaweza kuzimia.

Yeye huyo alinifundisha jambo ambalo limeniokoa machozi mengi: shuka likiganda kwenye kidonda lisivutwe. Lilowekwe kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, lisubiriwe mpaka liachie lenyewe, kisha papakwe vaselini.

Safari ndiyo ngumu. Kukaa kwenye basi hadi Segera, Korogwe, Same mpaka Moshi ukiwa na mgongo mbichi ni adhabu. Vaa kanga ya pamba iliyofuliwa ikalainika, na omba kiti cha mbele ambako mtikisiko ni mdogo. Nashukuru kwamba vipimo vya damu vya kufuatilia azathioprini navifanyia hapa hapa Tanga na majibu naenda nayo kliniki.

Vidonda vya mwilini vimefunga, vya mdomoni vinachelewa ila nakula ugali na samaki. Uso umevimba kwa dawa, na sukari naipima kila ninapopimwa damu. Kinachonikera hadi leo ni azathioprini yenyewe: maduka mengi ya dawa mjini hawana, na wengine wanakupa jibu la "kesho" wiki nzima. Mimi sasa nanunua ya mwezi unaofuata kabla ya hii kuisha, na barua ya rufaa pamoja na orodha ya dawa zangu vinakaa kwenye mkoba mmoja.