Nyota tatu kwa mrejesho wa mbunge wetu, na sababu zake

Wakuu, mbunge wetu kaja kufanya mkutano wa kutupa mrejesho wa kazi zake, nampa nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu kaipata kwa ajili ya karatasi moja tu iliyobandikwa ukutani ofisi ya kijiji, ntaielezea. Najua kuna watu watasema mbunge sio duka wala mgahawa, huwezi kumpa nyota. Mimi naona hii ni huduma kama huduma zingine, tunailipia kodi kila tukinunua sukari na vocha, kwahiyo acha niseme nilichokiona ili na nyie wa majimbo mengine ya huku Dodoma mjue cha kudai mbunge wenu akija.

Bunge la bajeti linaanza Aprili linaisha mwisho wa Juni, Mheshimiwa akaja kwetu Julai, na hapo muda kaupatia kabisa. Julai huku watu wameshatoa alizeti na uwele shambani, zabibu za mavuno ya pili bado, kwahiyo nyomi ilikuwa ya ukweli sio ya kubebwa na fuso. Shida ni ule upepo, anayeijua Dodoma ya Julai anaelewa, baridi na vumbi kwa pamoja, turubai linapigapiga muda wote sisi wa nyuma nusu ya hotuba tunabahatisha tu. Tangazo lilisema saa nne asubuhi, yeye kafika mchana umeshakaa, na bila wale kina mama wa ngoma ya muheme watu wangekuwa washarudi makwao. Akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", uwanja mzima ukaitika, na kuchelewa kukaishia hapo, ndo tulivyo huku.

Sasa kijitabu. Kila mtu kapewa kijitabu cha rangi, karatasi ya kung'aa, picha yake karibu kila ukurasa, huku kavaa kofia ngumu, huku kashika koleo, huku anaonyesha kidole kitu ambacho hakipo kwenye picha. Kichwa cha habari ni mbunge wako amekuletea, halafu inafuata orodha: barabara, visima, umeme, madarasa, mpaka treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa! Jamani, treni ya SGR ya Dar mpaka Dodoma imeanza kubeba abiria 2024, ni mradi wa taifa, hata jimbo letu lingekuwa halina mbunge ingefika tu. Barabara ya mzunguko ya kuizunguka Dodoma, ile ya kilomita 112, nayo imo. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, maji vijijini ni RUWASA tangu 2019, umeme ni REA, wote hao ni wakala wa serikali, na hela zao zinatoka kwenye bajeti ambayo serikali ndo inaiandaa. Katiba yenyewe ibara ya 99 inasema mambo ya kutumia hela za serikali Bunge haliwezi kuyashughulikia mpaka Rais ayapeleke kupitia kwa waziri, kwahiyo habari ya mbunge kaleta bilioni kadhaa ni maneno ya kampeni, na kampeni zina wakati wake.

Sisemi mbunge hana kazi. Anayo, na ni kubwa, ila sio hiyo. Ibara ya 63 inalipatia Bunge kazi ya kuisimamia serikali na kuishauri, maana yake mbunge anauliza, anabana, anafuatilia hela iliyopitishwa mwaka jana imefika au imeishia njiani. Mimi ndo mrejesho nilioutaka huo: umeuliza nini, lini, waziri kajibuje, na baada ya jibu wewe ukafanya nini. Kwenye kijitabu hayo yote kayamaliza kwa sentensi moja, kwamba ameuliza maswali mengi na kuchangia hoja mbalimbali. Mbalimbali zipi sasa?

Nikaenda kuchimba mwenyewe. Kwa wasiojua, Taarifa Rasmi za Bunge, ile Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge, bure, unahitaji bando na uvumilivu maana faili ni ndefu balaa. Nikakuta swali lake kuhusu daraja la korongo letu, lile linalokata kijiji vipande viwili kila masika. Waziri kajibu kwa lugha tunayoijua wote, kwamba serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, usanifu utafanyika na ujenzi utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Mheshimiwa akasimama na maswali mawili ya nyongeza, la kwanza kalitumia kushukuru na kupongeza, la pili lilikuwa zuri kweli, kauliza usanifu unaanza mwaka gani wa fedha, na waziri ikabidi ataje. Haya, geuka kwenye kijitabu uone imeandikwaje: daraja limepatiwa ufumbuzi! Daraja lipi, hata kokoto hakuna pale.

Na hiki ndo kinaniuma, maana ukweli wenyewe ulikuwa unamtosha. Angeandika tu nimeuliza tarehe fulani, waziri kataja mwaka fulani, mkiona haujaanza nikumbusheni nimbane, mimi ningempa nyota nne bila kufikiria. Waziri akishataja mwaka mbele ya Bunge imeingia kwenye kumbukumbu, hawezi kuikana, hiyo ni kazi ya maana kuliko picha ya koleo. Kaificha kazi aliyoifanya akajisifia ambayo hajaifanya. Nadhani wasaidizi wake wanaamini sisi tunataka kusikia kimeletwa basi, na kwa makofi yaliyopigwa pale kwenye treni siwezi kuwalaumu sana.

Karatasi niliyoisema ni ya Mfuko wa Jimbo. Huu mfuko upo kwa sheria ya 2009, unachochea miradi ambayo wananchi wameianza wenyewe, kila jimbo linapata mgao wake, hela inapitia halmashauri, na mwenyekiti wa kamati inayoamua iende wapi ni mbunge mwenyewe. Kwahiyo huku hana pa kujificha, akisema nimefanya kweli kafanya, akisema haikutosha aonyeshe hesabu. Karatasi ilikuwa ya kawaida tu, A4 nyeusi na nyeupe, imepigwa fotokopi mpaka herufi zinafifia, ila ndo kitu bora nilichowahi kupewa na mwanasiasa: kijiji, mradi, kilichoombwa, kilichotolewa, nani kapokea. Bati za zahanati, saruji ya vyoo vya shule, madawati, pampu ya kisima. Watu waliiganda ile karatasi kuliko hata kijitabu, kuna babu alikuwa anawasomea wenzake kwa sauti, akafika kwenye bati akakohoa, akamgeukia mtendaji wa kijiji, "mwanangu hizi bati mbona sisi hatujaziona?" Mtendaji akajieleza zipo stoo zinamsubiri fundi, babu akasema twende tukazione basi, wakaondoka kundi zima na hotuba inaendelea. Bati zilikuwepo kweli. Zimelala stoo tangu kabla ya mvua, lakini zipo.

Maswali na majibu. Mwanzoni ilikuwa ovyo, maiki inazunguka kwa walewale, swali linakuwa pongezi ndefu na mwisho wake ombi la jezi. Mambo yalibadilika alipoinuka mama mmoja mkulima wa zabibu, hakupewa maiki wala hakuisubiri, akauliza zabibu zikiiva tunauza kwa bei anayoitaka mnunuzi maana haziwezi kusubiri, wewe hili umelisemea wapi? Kimya. Mheshimiwa akasema, mama shikamoo, hili sijalisemea, ntalipeleka. Wengine waliguna ila mimi nilimkubali pale kuliko sehemu yoyote ya siku ile. Afadhali aseme sijalisemea kuliko kutuzungushia mikakati ya serikali ya awamu hii na ile.

Pia lile la mikopo ya asilimia 10 kalieleza vizuri, sijui kwanini halikuwepo kwenye kijitabu. Ile hela ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na vijana wengi bado walikuwa wanajua imekufa. Kawaambia haina riba, muunde kikundi, mkaanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, msianzie kwangu. Hapo msianzie kwangu kuna waliochukia, ila ndo ukweli, mbunge sio benki.

Kuna na huduma ya grupu la WhatsApp. Anatuma sauti ndefuu, zingine unasikia yuko kwenye gari na honi juu, za kumaliza bando tu. Ukiuliza swali gumu admini anakujibu lete hoja zenye kujenga. Hapo sifuri.

Jambo la mwisho, na hili ni la kwetu wa Dodoma tu. Mbunge wa Kigoma au Mtwara akisema yuko bungeni miezi mitatu hawezi kufika jimboni tunamuelewa, safari sio mchezo. Wa kwetu Bunge lipo hapohapo, ukitoka kijijini na boda mpaka lami ukapanda hiace unafika mjini hata njaa haijakuuma. Wikiendi za bajeti gari lake tunaliona linapita kwenda mazishi na harusi, hasimami. Wageni anaowapeleka kukaa kule juu bungeni mpaka Spika anawatambulisha, kila mwaka ni viongozi walewale wenye suti, hao zabibu zao sijui ziko wapi. Angekuja hata mara moja katikati ya kikao cha bajeti, kabla hawajapitisha, akatuuliza niseme nini, asingesubiri Julai kutuambia alichosema.

Akija tena ntaenda, na nyie nendeni, ila bebeni mtandio au koti la upepo na mfike mchana kama yeye. Nimempigia katibu wake wa ofisi ya jimbo kuuliza karatasi nyingine ya Mfuko itabandikwa lini, kasema kamati haijakaa.