Lichess hainiulizi jina mlangoni

Mpwa wangu wa Makorora alinishikia bango: mjomba, achana na drafti ya barazani, njoo tucheze kwenye simu. Akanipakulia mchezo mmoja wa vita, jina nalihifadhi. Ulimeza bando langu la wiki kabla sijaona hata bunduki. Kufunguka tu ukataka namba ya simu, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, na ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi. Ya nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na inataka mtu achukue taarifa anazozihitaji tu. Namba ya uhakiki ikaja, muda wake ukaisha nikitafuta miwani. Jina nililolitaka lilikuwa na mwenyewe. Nikapachikwa jingine, refu kama tokeni ya Luku. Kuingia uwanjani, dakika haikwisha nimeshauawa, na hapohapo nikaletewa duka la almasi.

Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Mchezo ule niliufuta usiku uleule.

Lichess, tovuti ya kucheza sataranji, nilikutana nayo kwa fundi wangu wa baiskeli pale Ngamiani. Alinitumia linki ya WhatsApp, nikaibonyeza, ubao wa mchezo huo (vijana wanauita chesi) ukafunguka palepale kwenye Chrome. Si kupakua, si kujisajili. Tukaanza kucheza, yeye mkono mmoja na spana.

Sikujua hata farasi anavyokwenda. Kumbe kuna sehemu ya kujifunza: wanaanza na ngome, unaipeleka huku na huku ikusanye nyota, ukiielewa unapewa kete nyingine. Hakuna hotuba, mkono unajifunza wenyewe. Kisha kuna kompyuta yenye ngazi 8 za ugumu. Ngazi ya kwanza niliifunga siku ya nne, nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Akaunti nilifungua mwenyewe baada ya siku kumi, kwa sababu nilitaka michezo yangu ihifadhiwe na nihesabiwe viwango. Jina, barua pepe, nenosiri, basi. Nikapewa kiwango cha 1500 chenye alama ya kuuliza pembeni. Nikamtambia mpwa wangu, akacheka: mjomba, kila mgeni anaanzia hapo, hiyo alama maana yake bado hawajakujua. Sawa, ila ningependa mgeni aelezwe hivyo kabla hajaanza kujisifu.

Matangazo hakuna, malipo hakuna. Ilianzia Ufaransa mwaka 2010 na inaishi kwa michango. Labda ndiyo maana haina haraka na mgeni: haina cha kumuuzia.

Mpwa wangu nilimtumia linki. Akaunti hana mpaka leo. Huingia baada ya magharibi, ananifunga, anatoka, na kesho yake anaomba linki nyingine.